Kozi ya fikra tunduizi: wiki sita, na moja iliyobeba nyingine zote

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki sita inayoahidi kumfundisha mtu wa kawaida namna ya kupima habari, kauli za wanasiasa na ushahidi wa kitaalamu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nilizikuta pia, kwa sura tofauti kidogo, katika kozi nyingine mbili za aina yake nilizozianza nikaziacha njiani, na sioni haki kuibebesha moja mzigo wa zote tatu. Msomaji anayefikiria kujiunga na kozi ya namna hii atapata hapa, natumaini, mwanga wa kujua ni sehemu gani inayostahili jioni zake na ni ipi anayoweza kuiruka bila kupoteza kitu.

Nilijiandikisha baada ya kuaibika. Nilikuwa nimesambaza katika kundi la familia kipande cha video cha jengo linaloporomoka, kikiwa na maelezo kwamba tukio hilo lilikuwa la asubuhi ileile. Kabla ya jua kuzama binamu yangu alituonyesha sote kwamba video hiyo ilikuwa imeshazunguka mtandaoni miaka kadhaa nyuma, tena ikielezwa kuwa ni ya tukio jingine kabisa. Kudanganywa kunaweza kumpata yeyote. Jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba sikuwa nimejiuliza hata swali moja, mimi ambaye kwa miaka mingi nimejihesabu miongoni mwa watu wagumu kudanganyika.

Kuhusu ufundi wa kozi yenyewe sina mengi ya kusema. Sauti ni safi, mkufunzi anazungumza taratibu, kila wiki ina video fupi, maandishi ya kusoma, zoezi na jaribio, na mtu mwenye kazi zake anaweza kumaliza wiki nzima kwa jioni mbili.

Nianze na wiki ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyonibadilisha. Somo lake ni uhakiki wa vyanzo, na msingi wake ni utafiti uliofanywa na Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2017. Watafiti hao waliwachukua watu 45, yaani wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa kurasa za mtandaoni wazipime. Moja ya kazi hizo ilikuwa kulinganisha kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayofanana: kimoja ni chama kikubwa cha taaluma nzima, kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga nacho kwa sababu za kimsimamo. Wanafunzi na wanahistoria wengi walifanya kile ambacho shule ilitufundisha sote, yaani kusoma kwa makini kutoka juu hadi chini, wakitazama mpangilio, nembo, lugha na marejeo, na wengi wao walipotezwa na ukurasa uliopambwa vizuri. Wahakiki wa habari hawakukaa. Waliutupia ukurasa jicho, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza watu wengine wanasemaje kuhusu mwenye ukurasa huo, na ndipo waliporudi, kama walirudi, kuusoma.

Ni jambo dogo, na nilipolisikia mara ya kwanza lilinikera, maana lilionekana kama kumtetea msomaji mvivu. Nimelelewa kuamini kwamba ukitaka kumwelewa mtu usikilize maneno yake hadi mwisho. Lakini ukurasa wa mtandaoni ni kama mgeni aliyejiandikia mwenyewe barua ya utambulisho: hata ukiisoma mara kumi, utakachokijua ni kile alichotaka ukijue. Anayewafahamu majirani zake atakueleza zaidi kwa dakika moja.

Mazoezi ya wiki hiyo ndiyo bora katika kozi nzima. Tulifundishwa kukamata fremu moja ya video, kuipeleka kwenye huduma za kutafuta picha kwa picha, na kutaka matokeo yapangwe kuanzia ya zamani zaidi, jambo ambalo TinEye, mojawapo ya huduma hizo, huliruhusu moja kwa moja. Tulifundishwa pia kutumia Wayback Machine, hifadhi ya Internet Archive inayotunza nakala za zamani za kurasa, ili kuona taarifa ilivyosomeka kabla haijarekebishwa kimyakimya. Niliichukua ile video yangu ya jengo, nikaifanyia zoezi hilo. Haikuchukua hata dakika mbili kufika pale binamu yangu alipofika. Hizo ndizo dakika mbili ambazo nilishindwa kuzitoa siku ile.

Lililonisaidia zaidi, hata hivyo, ni somo la mwisho la wiki hiyo, linalohusu kufuata habari hadi chimbuko lake. Tulipewa taarifa moja iliyochapishwa katika kurasa kumi na mbili, tukaagizwa kutafuta kila ukurasa uliipata wapi. Kurasa zote, moja baada ya nyingine, zilinukuu ukurasa mwingine, na mwisho wa mnyororo palikuwa na chapisho moja la mtu mmoja lisilo na ushahidi wowote. Kabla ya hapo nilikuwa na kawaida ya kusema, "Nimeiona sehemu nyingi," nikidhani nimetoa hoja. Mashahidi kumi na wawili waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja, na pengine hata huyo hakuwepo.

Cha kusikitisha ni kwamba maandishi ya kusoma ya wiki hiyohiyo yanaipinga video yake. Yanamshauri msomaji aziamini zaidi kurasa ambazo anwani zake zinaishia na .org, aangalie kama kuna alama ya kufuli kwenye kivinjari, na aogope kurasa zenye makosa ya tahajia. Anwani ya .org inaweza kusajiliwa na mtu yeyote. Kufuli linaonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yamesimbwa, yaani yamefichwa ili wengine wasiyasome njiani, kwa hiyo mwongo naye anaweza kuwa nalo. Na mtu anayetaka kudanganya maelfu hakosi mtu wa kumsahihishia tahajia. Nadhani maandishi hayo yalibaki kutoka toleo la zamani na hakuna aliyeyapitia tena. Mwanafunzi asiyekuwa makini ataondoka na orodha hiyo, kwa sababu orodha ni rahisi kukumbuka kuliko tabia.

Wiki mbili za kwanza sikuzipenda, isipokuwa saa moja tu. Zinahusu hitilafu za hoja, na kila hitilafu imepewa jina, maelezo na mfano: kumshambulia msemaji badala ya hoja yake, kumsingizia mpinzani hoja dhaifu ili iwe rahisi kuiangusha, kulazimisha machaguo mawili pale palipo na mengi, na kadhalika hadi kuchoka. Mifano yote ni ya wanasiasa ambao mtu angefurahi kuwaona wamekosea. Baada ya siku kumi nilijikuta nikisikiliza mijadala kama mwindaji: nikisikia kosa, nalipa jina, nafunga faili. Hoja yenyewe siisikii tena. Kozi haikuwahi kunionya kwamba kinachoitwa hitilafu mara nyingi ni busara ya kawaida. Kuuliza ni nani aliyeugharamia utafiti fulani si lazima kuwe ni kumshambulia mtafiti, na kumwamini daktari kuhusu figo zangu si udhaifu wa mantiki, kwa kuwa sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyapokea kwa kuwaamini watu wengine.

Saa moja iliyoziokoa wiki hizo ilikuwa ya zoezi lililobuniwa na mwanasaikolojia Peter Wason na kuchapishwa mwaka 1960. Unapewa namba tatu, 2, 4 na 6, unaambiwa kwamba zinafuata kanuni fulani, na kazi yako ni kuigundua kwa kupendekeza namba nyingine tatutatu na kuambiwa kama zinafuata kanuni hiyo au la. Niliandika 8, 10, 12. Ndiyo. Nikaandika 20, 22, 24. Ndiyo. Nikaandika 100, 102, 104. Ndiyo. Kwa kujiamini kabisa nikatangaza kwamba kanuni ni namba shufwa zinazopanda kwa mbili, nikaambiwa nimekosa. Kanuni ilikuwa namba zozote tatu zinazopanda. Hata 1, 7, 50 zingekubaliwa. Sikuwa nimejaribu hata mara moja kundi la namba ambalo nilitarajia likataliwe, na bila kukataliwa sikuwa na njia ya kujua mipaka ya kanuni.

Niliifunga kompyuta nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu niliona kwamba hivyo ndivyo ninavyosoma habari za siasa. Nikiamini kwamba kiongozi fulani ni mla rushwa, natafuta habari za rushwa, nazipata, na kila ninayoipata ni "ndiyo" nyingine ya 20, 22, 24. Swali ambalo zoezi hilo linalidai ni gumu zaidi: kama nimekosea, ningetarajia kuona nini, na je, nimekwenda kukitafuta? Kwa kiongozi yule ningelazimika kuuliza kama zabuni alizozisimamia zilitangazwa, kama ripoti za ukaguzi zimemtaja, kama wapinzani wake wenye kila sababu ya kumchafua wameleta hati au maneno matupu. Huenda majibu yakaniachia imani ileile, lakini itakuwa imani iliyokwisha kupigwa shoka ikasimama. Kozi inalipa jambo hili dakika saba, kisha inarudi kwenye orodha yake ya majina. Ningekuwa mimi mtungaji wake, ningelipa wiki nzima.

Wiki ya nne inahusu takwimu, na hapa kuna mazuri na mabaya yaliyochanganyikana. Mfano uliofundishwa vizuri ni wa Uingereza, Oktoba 1995, pale mamlaka zilipotahadharisha kwamba aina mpya ya vidonge vya kuzuia mimba ilikuwa ikiongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maneno "maradufu" na "asilimia 100" yalitawala vichwa vya habari. Kwa hesabu halisi, hatari ilikuwa imepanda kutoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata utoaji mimba katika Uingereza na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000, ilhali ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Hakuna aliyesema uongo katika kisa hicho. Tangu nilipokisoma, kila nikikutana na "imeongezeka mara tatu" namuuliza mwandishi, hata kama hanisikii, mara tatu ya ngapi?

Mfano wa kura za maoni ulinivutia lakini ulisimuliwa nusu. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48, huku mpima maoni George Gallup, aliyewahoji watu wachache zaidi kwa mbali, akiwa amemtaja mshindi sahihi. Kozi inaeleza kwamba jarida lilichukua majina kwenye orodha za wenye simu na magari, watu ambao enzi hizo walikuwa na uwezo kuliko wapigakura wa kawaida. Hilo ni kweli, ila linaacha nje sababu ya pili ambayo watafiti wa baadaye wameipa uzito mkubwa: waliojibu walikuwa chini ya robo ya waliotumiwa, na aliye tayari kujaza karatasi na kuirudisha posta hafanani na aliyeitupa. Sababu hii ya pili ndiyo inayotukuta kila siku. Kura za mtandaoni zinazojazwa na wenye hasira, na maoni ya wateja yanayoandikwa na waliofurahi mno au walioudhika mno, zote zina ugonjwa huu, na idadi kubwa ya majibu haiuponyi.

Sasa nifike kwenye picha ya ndege. Karibu kila mtu aliyepita mtandaoni ameiona: mchoro wa ndege ya kivita wenye madoa mekundu kwenye mabawa, kiwiliwili na mkia, pasipo doa hata moja kwenye injini. Kozi inaieleza kuwa ni ramani ya matundu ya risasi kwenye ndege zilizorudi kutoka vitani katika Vita vya Pili vya Dunia. Majenerali walitaka kuongeza bamba la chuma penye matundu, na mtaalamu wa takwimu Abraham Wald akawaambia waliongeze pasipo na matundu, kwa kuwa ndege zilizopigwa hapo hazikurudi. Wazo hilo ni sahihi na lina manufaa makubwa. Wald naye alikuwepo, na mwaka 1943, akiwa na kundi la watafiti wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika mfululizo wa maandiko kuhusu namna ya kukadiria, kutokana na ndege zilizorudi, uwezekano wa ndege kunusurika ikipigwa sehemu hii au ile. Lakini maandiko hayo ni ya hesabu. Mazungumzo na majenerali hayamo ndani yake, na ile picha ilichorwa miongo mingi baadaye kama kielelezo, madoa yake yakiwa ya kubuni.

Niligundua hayo kwa kutumia somo la wiki ya tatu la kozi hiyohiyo: nilitoka kwenye ukurasa, nikauliza picha imetoka wapi, na baada ya muda mfupi nikapata jibu. Mganga hajigangi. Kosa hili silioni dogo, hata kama funzo lake limebaki palepale, kwa sababu kisa kitamu kinachothibitisha jambo la kweli ndicho kisa ambacho hakuna mtu anayehangaika kukikagua, na kozi ya namna hii ilipaswa kuwa ya kwanza kukikagua. Niliwaandikia. Baada ya siku tisa nilipokea jibu la adabu lililonishukuru kwa kuwa mwanafunzi mdadisi.

Wiki mbili zilizobaki nitazipita haraka. Ya tano inasimulia makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, na ambayo jarida liliifuta mwaka 2010. Simulizi limejaa ubaya wa mtu mmoja, wakati mwanafunzi alihitaji kuonyeshwa kile ambacho msomaji makini angeweza kukiona tangu siku ya kwanza: watoto 12 tu, na hakuna kundi la watoto wengine wa kulinganisha nao. Kinyume chake, utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 657,461 na haukuona ongezeko la usonji kwa waliochanjwa. Ya sita inafundisha kwamba ukimsahihisha mtu kwa ushahidi unamfanya ashikilie uongo kwa nguvu zaidi. Dai hilo lilitokana na utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010, ila Thomas Wood na Ethan Porter, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 wenye washiriki zaidi ya 10,000, hawakuliona likijirudia. Kwa ujumla watu waliosahihishwa walisogea kuelekea kwenye ukweli, hata kama kwa hatua fupi. Kozi inayomwambia mwanafunzi kwamba kusahihisha ni bure inamfundisha kunyamaza, na binamu yangu angekuwa ameisoma kabla yangu, huenda nisingesahihishwa.

Limebaki suala la cheti. Ukurasa wa kozi unajivunia kwamba wanafunzi hupata alama za juu zaidi mwishoni kuliko mwanzoni, na unaonyesha shuhuda za watu walioridhika. Mimi mwenyewe nilikosa maswali saba katika jaribio la kwanza na mawili katika la mwisho. Ila maswali yalikuwa yaleyale, nami niliyakumbuka. Na hakuna kundi la watu waliofanya jaribio mara mbili bila kusoma kozi, ambalo tungelinganishwa nalo. Shuhuda zote ni za waliomaliza. Walioacha katika wiki ya pili, kama nilivyoziacha zile kozi mbili nyingine, ni ndege ambazo hazikurudi, na matundu yao hayajachorwa popote.

Ningemshauri nani ajiunge? Mtu anayesambaza habari kwa wengi, awe mwalimu, kiongozi wa kikundi au mwanafamilia ambaye kila mtu humuuliza "hii ni kweli?", atafaidika na wiki ya tatu kiasi cha kusamehe mengine. Afanye zoezi la Wason kabla hajasoma maelezo yake, aruke majina ya hitilafu, asome wiki ya nne huku akikagua kila kisa, na wiki ya sita asiitilie maanani. Anayetafuta cheti cha kuweka kwenye wasifu wake wa kazi ajue kwamba cheti kinathibitisha kuwa amefika mwisho, basi. Nimeambiwa toleo jipya linaandaliwa. Likitoka nitakwenda moja kwa moja kwenye wiki ya nne, kutazama kama ile ndege bado ipo.